Doti Ishirini na Tatu

Mkulima wa Kilifi anaposema kuwa anatafuta mbegu ya muhogo, kwa hakika hatafuti mbegu. Atafutacho ni shina lililokomaa, ambalo atalikata pingili za urefu wa shubiri moja au zaidi, azifukie katika matuta mvua za masika zikaribiapo, na baada ya siku chache macho ya zile pingili yatachipua; na muhogo utakaoota hautakuwa mtoto wa ule uliokatwa, wala ndugu yake, bali utakuwa ni ule ule, ulioongezewa mwili. Aina ya Kibandameno ipikwayo leo katika nyumba za Mijikenda, hata ikiwa imepokezanwa kwa mikono ya vizazi vingi vya wakulima, kwa upande wa urithi ni kama mti mmoja uliotawanywa katika maelfu ya mashamba.

Walakini muhogo nao una mbegu za kweli. Ukiachwa ukakomaa hutoa maua madogo, ya kike na ya kiume katika shada moja, na baada ya maua hufanya tunda lenye vyumba vitatu, ambalo hukauka na kupasuka kwa kishindo kidogo na kurusha mbegu zake chini. Mkulima hazitaki, naye ana haki. Mche uotao kwa mbegu hiyo waweza kuwa mchungu ilhali mama yake alikuwa mtamu, waweza kuwa na mizizi kama vidole ilhali mama yake alijaza kapu kwa shina moja, na mbegu tatu zilizotoka katika tunda moja zaweza kuota miche mitatu isiyofanana hata kwa rangi ya vikonyo vya majani.

Sisi binadamu hatuna pingili. Kila mmoja wetu aliota kwa mbegu, na kwa hiyo hali ya ile miche mitatu ndiyo hali ya kila nyumba yenye watoto. Mtoto anapozaliwa akina shangazi na akina bibi humzunguka kumsoma sura, wakasema pua hii ni ya babu yake, na paji hili ni la marehemu fulani. Hayo ni mazungumzo matamu, na ni heri yasikome. Lakini hutukia mtoto wa tatu akatoka mweupe katika nyumba ya weusi, au mfupi katika nyumba ya warefu, na hapo macho hupishana juu ya kichwa cha mzazi aliyelala kitandani. Nimepata kumwona mwanamke mwema akila chumvi ya machozi yake kwa tuhuma ya namna hiyo, wala hapakuwa na kosa lolote isipokuwa ujinga wetu juu ya jambo ambalo maumbile hulifanya kila siku katika kila aila. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya walio kama yeye, nataka kueleza namna tofauti za ndugu zinavyofanyika.

Tutazame doti ya kanga. Kila mwanamke wa pwani ajua kwamba kanga hainunuliwi kipande kimoja; huuzwa vipande viwili vilivyoungana, na kila kipande kina pindo kandokando, mji katikati, na jina lililoandikwa chini ya mji. Katika kiini cha seli za mwili wa binadamu mna sanduku lenye doti 23, yaani vipande 46, na kila kipande ni uzi mrefu mno uliozongwa ukawa mdogo usioonekana kwa macho matupu. Wataalamu huviita kromosomu. Hesabu hii ya 46 haikupatikana kwa wepesi, kwa kuwa kwa zaidi ya miaka thelathini vitabu vya elimu vilifundisha kuwa ni 48, mpaka Joe Hin Tjio na Albert Levan walipozihesabu upya huko Lund, katika nchi ya Sweden, wakatangaza mwaka 1956 idadi iliyo sahihi.

Doti ya dukani ina vipande viwili vilivyo sawa uzi kwa uzi. Doti za mwili hazikufanywa hivyo. Katika kila doti kipande kimoja kilitoka kwa baba na kingine kilitoka kwa mama, na ijapokuwa mpango wao ni mmoja, mahali pa pindo pana pindo na mahali pa mji pana mji, rangi zaweza kuhitilafiana: hapa nyekundu, pale samawati. Mahali hapo pamoja na maandishi yake ndipo paitwapo jeni, na humo mna maagizo ya kuujenga mwili, kuanzia namna ya damu hata namna ya nywele.

Lau baba na mama wangempa mtoto sanduku zima kila mmoja, mtoto angekuwa na doti 46, mjukuu 92, na baada ya vizazi vichache mwili ungezidiwa na mzigo wa urithi wake. Basi katika korodani za mwanamume na katika vifuko vya mayai vya mwanamke hufanyika mgawanyo wa pekee, usiofanyika mahali pengine mwilini, uitwao meiosisi, ambao huzigawa doti hata kila mbegu ya kiume na kila yai likabaki na vipande 23 tu, kimoja kutoka kila doti. Katika mgawanyo huo ndugu hutenganishwa na ndugu zao kabla hata hawajatungwa mimba.

Mgawanyo huo hauna upendeleo. Kwa doti ya kwanza, yai laweza kupata kipande kilichotoka kwa baba ya mama au kile kilichotoka kwa mama yake; kwa doti ya pili vivyo hivyo, bila kujali lililotukia katika doti ya kwanza. Doti moja ina njia mbili, doti mbili zina njia nne, tatu zina nane, na ukiendelea kuzidisha mara mbili hata doti ya 23 utafika 8,388,608. Hiyo ni hesabu ya mama peke yake. Baba naye anayo kama hiyo, na kwa kuwa mbegu yoyote yaweza kukutana na yai lolote, hatuna budi kuzizidisha hesabu mbili hizo, tukapata zaidi ya trilioni 70. Watu wote walio hai duniani leo ni takriban bilioni nane. Maana yake, mume mmoja na mke mmoja, kwa vipande walivyo navyo tu, wana namna za watoto zinazopita idadi ya watu wa dunia kiasi cha mara 8,800. Aulizaye kwa nini watoto wake sita hawafanani na aitazame hesabu hii.

Na bado hatujataja lililo la ajabu zaidi. Kabla ya vipande viwili vya doti kutengana, hulazwa sambamba, ncha kwa ncha, vikakatwa mahali pamoja na kuungwa upya kwa kubadilishana, hata kipande kiendacho katika yai si cha babu wala si cha bibi, bali kina pindo la babu na mji wa bibi. Ni kanga mpya kabisa, ambayo haikupata kuwamo katika sanduku la mtu yeyote. Thomas Hunt Morgan aliigundua kazi hii kwa kuzalisha inzi wadogo wa matunda katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na mwanafunzi wake Alfred Sturtevant aliitumia mwaka 1913 kuchora ramani ya kwanza ya jeni, akipima umbali baina ya jeni mbili kwa kutazama zinatenganishwa mara ngapi. Kwa sababu ya mkato huo, ile trilioni 70 ni kiasi kidogo tu cha hesabu iliyo ya kweli, ambayo haina mwisho unaoweza kuandikwa katika gazeti.

Kwa mwanamke kazi hii huanza mapema kuliko tudhaniavyo. Mayai yake huundwa angali mimba, na kule kukata na kuunga hufanyika akiwa bado hajazaliwa. Kisha mayai hulala, miaka kumi, ishirini, arobaini, mpaka siku ya kila moja kuitwa. Yai ulilotokana nalo wewe msomaji lilianza kufanyizwa mama yako alipokuwa tumboni mwa bibi yako. Sijui habari katika elimu ya mwili inayonigusa moyo kuliko hii. Mwanamume hana akiba ya namna hiyo, kwani mbegu zake huanza kufanyizwa anapobaleghe na huendelea kutoka mpya katika sehemu kubwa ya umri wake, na kwa kuwa uzi wa urithi hunakiliwa mara nyingi zaidi kwake, makosa madogo ya kunakili, ambayo kila mtoto huzaliwa nayo kadhaa kadhaa, aghalabu hutoka upande wa baba, nayo huongezeka kwa kadiri ya umri wake.

Doti ya 23 ndiyo iamuayo jinsia. Kwa mwanamke ina vipande viwili vya namna moja, vyenye jina la X. Kwa mwanamume ina X moja na kipande kifupi kiitwacho Y. Yai haliwezi kubeba ila X. Mbegu ya kiume hubeba X au Y, na ikibeba X mtoto huwa wa kike, ikibeba Y huwa wa kiume. Kwa hiyo mume amlaumuye mkewe kwa kumzalia mabinti watupu, na pengine akamletea mke mwenza kwa sababu hiyo, anamdai mkewe kitu ambacho yeye mume ndiye peke yake angeweza kukitoa, na ambacho hata yeye hana amri nacho. Dhuluma hii ni ya siku nyingi, na imevunja nyumba nyingi zilizokuwa njema.

Wakwe hupenda kuuliza: sifa ambayo haimo kwa baba wala kwa mama, itatokaje kwa mtoto? Jawabu lilitolewa na mtawa, Gregor Mendel, aliyepanda njegere katika bustani ya nyumba ya watawa mjini Brno tangu mwaka 1856. Alizalisha njegere za punje za mviringo pamoja na zile za punje zilizokunjamana, na kizazi cha kwanza kikawa cha mviringo chote, kana kwamba mikunjo imekufa. Alipokiacha kizazi hicho kijizalie chenyewe, mikunjo ilirudi: punje 5,474 za mviringo, na 1,850 zilizokunjamana, yaani tatu kwa moja. Mikunjo ilikuwa imefichwa tu, kipande kimoja katika doti kikifunikwa na mwenziwe, ikingoja kukutana na kipande kingine kama chenyewe. Mendel alichapisha habari hizi mwaka 1866, na wataalamu hawakuzijali mpaka mwaka 1900, naye amekwisha kufa miaka kumi na sita. Basi mtoto awezaye kuchukua sura ya babu wa babu yake hakuiba sura hiyo popote. Tena rangi ya ngozi na urefu wa mwili havitawaliwi na jeni moja bali na nyingi kwa pamoja, na ndiyo maana ndugu hutofautiana kwa daraja nyingi, si kwa mbili tu.

Twasema ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki nusu ya urithi wao, na ni kweli kwa wastani; lakini kwa kuwa mgawanyo ni wa nasibu, wako ndugu wanaoshiriki chini ya asilimia 40 na wako wanaopita 60. Mapacha wa kufanana peke yao, waliotokana na yai moja lililogawanyika baada ya kutungwa, ndio walio kama pingili mbili za shina moja.

Nasibu hii ina uchungu wake pia, nao hauna budi kusemwa. Katika kromosomu ya 11 mna jeni ya damu ambayo, kwa kubadilika herufi moja tu, huzifanya chembe nyekundu zipinde kama mundu, na mtoto mwenye jeni hiyo katika vipande vyote viwili huugua selimundu, maradhi ya maumivu makali ya mifupa na upungufu wa damu. Mwenye kipande kimoja tu ni mzima, na aghalabu hajui kuwa anacho. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina fungu moja katika manne la mtoto mgonjwa, mawili ya mtoto mzima aliyebeba, na moja la mtoto asiyebeba kabisa. Nasisitiza neno kila, kwa sababu wazazi wengi hudhani kwamba wakimpata mgonjwa mmoja basi watatu wafuatao wako salama. Kura haikumbuki kura iliyotangulia. Hupigwa upya kwa kila mimba.

Kwa nini jeni yenye madhara hayo haikutoweka? Daktari Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika ya Kusini na kulelewa Kenya, alipima damu za watu wa Kenya mwaka 1949, akakuta wabebaji ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni wachache mno katika nyanda za juu zenye baridi. Alitanabahi kuwa ramani ya jeni hiyo ni ramani ya malaria, na mwaka 1954 akatangaza kwamba mwenye kipande kimoja hukingwa dhidi ya malaria kali. Kipande kile kile kimtesacho mtoto mmoja ndicho kilichomwokoa nduguye. Kwa upande wangu, sioni dalili iliyo bayana kuliko hii ya kuonyesha kwamba tofauti za ndugu si mchezo wa maumbile. Ni akiba iliyowekwa kwa ajili ya hatari mbalimbali, maana hakuna ajuaye ni ipi itakayokuja.

Muhogo wa pingili hauna akiba hiyo, na maradhi yaliyomwangusha mmoja huwaangusha wote. Ugonjwa wa batobato, ambao huyakunja majani na kuyatia madoa ya manjano, ulielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza kutoka Usambara mwaka 1894, ukichukuliwa na nzi weupe wadogo kutoka shamba hata shamba, na ukipandwa upya na mkulima mwenyewe ndani ya pingili zake. Katika miaka ya 1930, kwenye kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, H. H. Storey na wenzake waliamua kutafuta dawa yake katika ile mbegu ambayo mkulima haitaki. Jirani yao palikuwa na mti wa mpira wa Ceará, mwitu wa Brazili ulio akraba ya muhogo, ambao walowezi wa Kijerumani walikuwa wameupanda kwa utomvu wake kabla biashara hiyo haijaanguka mwaka 1913. Mti huo ulistahimili batobato, lakini mizizi yake haikufaa kitu mezani.

Kazi yao ilikuwa ya subira. Ua la kike la muhogo hufunguka kabla ya maua ya kiume ya shada lake. Hapo huzuiliwa nyuki, likapakwa chavua ya mti uliochaguliwa, mbegu zikangojwa, zikapandwa, na miche ikaachwa katikati ya maradhi ili iliyo dhaifu ijionyeshe. Watoto wa kwanza walikuwa na nguvu za baba na mizizi ya baba. Waliobaki wazima walizalishwa tena na muhogo, na watoto wao tena na muhogo, hata mara ya tatu. Na kwa kuwa muhogo una doti 18, na kila doti hukatwa na kuungwa kama zetu, katika maelfu ya miche hatimaye walipatikana wachache waliorithi kinga ya mwitu na mizizi ya shambani. Mpango ule ukafungwa katika miaka ya 1950.

Lakini mbegu kadhaa za Amani zilikuwa zimekwisha pelekwa Nigeria, na mche mmoja uliochaguliwa huko ukapewa nambari 58308. Tangu mwaka 1971 Sang Ki Hahn, mtaalamu kutoka Korea, aliutumia mche huo mjini Ibadan kuzalisha mihogo mipya, mmojawapo mzazi wake wa pili akiwa muhogo wa Brazili. Na batobato kali iliponyausha mashamba ya Uganda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, hata watu wakaacha kupanda muhogo na wengine wakashikwa na njaa, mtoto huyo wa Amani na Brazili alipandwa huko kwa jina la Migyera, akasimama.

Kuna adui mwingine, michirizi kahawia, auozeshaye mzizi ndani kwa ndani huku majani yakionekana kuwa na afya, ambaye Storey alimweleza kutoka Amani mwaka 1936. Wakulima wa kusini ya Tanzania wana muhogo uitwao Namikonga ambao humstahimili adui huyo. Wakulima wa pwani ya Kenya wanao wao, uitwao Kaleso, wenye sifa hiyo hiyo. Jeni zao zilipopimwa katika miaka ya karibuni ilionekana kuwa ni mmoja, nao ni ule ulioandikwa katika madaftari ya Amani kwa nambari 46106/27, na ndani ya kromosomu zake vimo hata leo vipande vya ule mti wa mpira. Mikono ya wakulima iliuchukua, pingili kwa pingili, ukapata jina huku na jina kule. Lakini mwanzo wake ulikuwa mbegu moja ya kweli, ndogo kuliko punje ya mahindi, iliyoota isifanane na baba yake wala mama yake.